Kutoka Gorogoro Hadi Kifungu cha Sheria

Swali gumu kuliko yote analoweza kuulizwa mkulima wa Magwagwa, kaunti ya Nyamira, lina maneno manne: "Ulivuna mahindi kiasi gani?" Likiulizwa mlangoni kwa haraka, pikipiki ikiwa bado inanguruma barabarani, litajibiwa kwa adabu na jibu halitafaa kitu. Mama atainua macho, atafikiri kidogo, atasema "gunia tatu hivi". Mtafiti ataandika 3, atashukuru na kwenda zake. Tarakimu hiyo itaingia kwenye kompyuta, itajumlishwa na nyingine zilizopatikana vivyo hivyo, na siku moja itasomwa bungeni kama ukweli kuhusu Nyamira.

Mtafiti anayeijua kazi yake huanza mbali. Anasalimu, anaketi anapoonyeshwa, anaeleza ametumwa na chuo gani na kwamba hakuja kuandikisha watu kwa msaada wowote. Halafu anauliza kuhusu ardhi. "Mama, shamba lenu liko mahali pangapi?" Kipande kimoja kipo hapo nyumbani, chenye migomba na chai. Kingine kiko chini bondeni. Cha tatu ni cha kukodi kwa jirani, na hicho mara nyingi husahauliwa hadi mtu aulize. Anaandika kila kipande peke yake, na kwa kila kipande anauliza misimu miwili, mvua za masika na zile fupi za mwisho wa mwaka, kwa sababu nyanda hizi za Gusii hulimwa mara mbili na anayeuliza "mwaka jana" atapata nusu ya jibu.

Kisha linakuja swali ambalo wengi hulisahau: "Mlianza kula mahindi mabichi lini?" Hapo mama hucheka. Kabla ya siku ya kuvuna, nyumba imeshachemsha na kuchoma kwa majuma kadhaa, watoto wamevunja yao wakitoka shuleni, na mgeni mmoja au wawili wameondoka na mahindi ndani ya mfuko. Hayo yote ni mavuno. Yasipohesabiwa, shamba linaonekana maskini kuliko lilivyo.

Baadaye ndipo wanafika kwenye vipimo. "Mlipovuna mlipima kwa nini?" Kwa debe, kwa gunia, kwa gorogoro. Gunia lipi, lile la kilo 90 au lile lililoshonewa juu likaongezewa kichwa? Mtafiti mzuri ataomba aione gorogoro yenyewe, bati la kilo mbili lililokuwa la mafuta ya kupikia. Atauliza kama hupimwa ikiwa imesawazishwa mdomoni au ikiwa na kilima juu. Gunia la kilo 90 linatoa gorogoro 40 na kitu. Ukikosea kwa kilima hicho katika kila moja, mwisho wa gunia umepoteza chakula cha siku kadhaa cha familia nzima.

Na mahindi yalikwenda wapi? Mengine yaliliwa. Mengine alipewa kijana aliyepalilia. Mengine yalipelekwa matangani, mengine kwa wakwe. Gunia moja liliuzwa Januari ili mtoto arudi shule na karo. Hapo mtafiti ananyamaza kidogo kabla ya kuuliza kwa sauti ileile: "Na ilipofika mwezi wa tano, mlinunua?"

Mama anasema ndiyo. Mwezi wa tano walinunua, na wa sita pia, kwa bei ya juu kuliko ile waliyouzia Januari.

Nimeketi pembeni nikisikiliza mahojiano ya namna hii, na kila mara nimeondoka nikiwa na heshima kubwa kwa anayeuliza. Tunapozungumza juu ya mchango wa vyuo vikuu katika mijadala ya Bunge na katika sera za nchi, wengi wetu hukumbuka majoho, makongamano na hotuba za maprofesa. Mimi hukumbuka hojaji iliyokunjika pembe na kalamu inayosubiri mama amalize kumfukuza kuku. Mwendo wa kutoka uani Magwagwa hadi kwenye kifungu cha sheria ni mrefu, na kila hatua yake ina mafundi wake. Naona tumewasifu kidogo mno.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Tegemeo. Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, kilianza 1939 kama shule ya kilimo ya vijana wa walowezi, iliyoanzishwa na Lord Maurice Egerton, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Tegemeo ni taasisi yake ya sera za kilimo. Mwaka 1997, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan cha Marekani, watafiti wake walichagua kaya kama 1,500 za wakulima katika maeneo mbalimbali ya Kenya, Kisii ikiwa miongoni mwao, wakaziuliza maswali kama hayo niliyoyataja. Halafu wakafanya jambo linalohitaji moyo: wakarudi kwa kaya zilezile mwaka 2000, wakarudi 2004, wakarudi 2007, wakarudi 2010.

Kurudi kwa mtu yuleyule ni kazi nyingine kabisa kuliko kwenda mara moja. Mzee aliyejibu mara ya kwanza amefariki, shamba limegawiwa wana watatu, mmoja yuko Nairobi na mkewe analima sehemu yake. Kaya ile sasa ni ipi? Lazima pawe na kanuni, na kanuni hiyo ifuatwe Kisii kama inavyofuatwa Kakamega na Makueni, la sivyo unalinganisha watu ambao hawalingani. Tena wenyeji wana kumbukumbu. Watauliza, na wana haki ya kuuliza: "Mlikuja, tukawajibu yote, mkaenda. Majibu yetu yalifanya nini?" Mtafiti asiye na jibu la swali hilo hatapokewa vizuri mara ya tatu.

Majibu yalifanya jambo kubwa. Kila baada ya mavuno Kenya huingia katika mjadala wa bei ya mahindi. Wabunge wa maeneo yanayozalisha kwa wingi husimama na kudai kwamba Bodi ya Nafaka na Mazao inunue gunia kwa bei nzuri, na wana haki ya kuwasemea waliowachagua. Kwa miaka mingi mjadala huo uliendeshwa kana kwamba kila mtu wa shamba ni muuzaji, hivyo kwamba bei ikipanda, kijiji kizima kinafurahi. Takwimu za kaya zikaonyesha sura nyingine. Sehemu kubwa ya mahindi yanayoingia sokoni hutoka kwa wakulima wachache, huku wakulima wadogo wengi wanaolima mahindi hununua mengi kuliko wanayouza. Mama wa Magwagwa anayeuza Januari na kununua Mei ni mmoja wao. Utafiti wa Thom Jayne, Robert Myers na James Nyoro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikadiria kwamba shughuli za Bodi zilipandisha bei ya jumla ya mahindi kwa takriban asilimia 20 kati ya 1995 na 2004. Kwa mwenye ekari mia hiyo ni faida. Kwa mwenye robo ekari ni mzigo wa miezi kadhaa kila mwaka.

Mwezi wa tano hauna mbunge. Muuzaji anajulikana, ana chama, ana lori lililopanga foleni mbele ya ghala, na picha yake hupigwa. Mnunuzi wa gorogoro moja jioni hana foleni wala picha. Aliyemwuliza swali lile la mwisho kwa sauti ya kawaida, akaliandika jibu, akarudi kumwuliza tena baada ya miaka mitatu, ndiye aliyemfikisha mahali ambapo bei hujadiliwa. Vita vya bei havijaisha na wala havitaisha karibuni. Lakini anayetaka kupandisha bei leo hawezi tena kusema wakulima wote wako nyuma yake bila mtu mmoja kunyoosha mkono na kuuliza: wakulima gani?

Takwimu hizo hazitembei zenyewe hadi Nairobi. Lazima ziandikwe, na hapa panahitajika mikono ya aina nyingine. Profesa amezoea kurasa 40, tanbihi, na sura nzima ya nadharia kabla ya kusema jambo. Bunge lina mwendo wake. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 118, inalitaka Bunge lifanye kazi zake hadharani na liwashirikishe wananchi. Kwa hiyo mswada ukisomwa mara ya kwanza hupelekwa kwa kamati, kamati hutangaza magazetini kwamba inapokea maoni, na siku za kuyapokea huwa chache. Maoni yanamiminika: ya wafanyabiashara, ya makanisa, ya mawakili, ya mtu mmoja aliyeandika kwa mkono. Karani wa kamati na watafiti wa Bunge huyapanga katika jedwali. Safu moja ni ya kifungu, nyingine ya jina la aliyetoa maoni, nyingine ya pendekezo na sababu yake, nyingine ya uamuzi wa kamati. Wabunge wengi wataliona jedwali hilo tu.

Anayelijua jedwali huandika kwa ajili yake. Haanzi na historia ya kilimo tangu enzi za mkoloni. Anaanza na namba ya kifungu, anataja maneno yafutwe yapi, anaandika maneno mapya kama yanavyotakiwa kusomeka katika sheria, kisha anatoa sababu kwa sentensi mbili zenye takwimu moja iliyo nzito kuliko zote alizo nazo. Zile nyingine anaziacha. Kuacha ndiko kugumu. Mchongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka hulowesha jiwe, huondoa, hutazama, huondoa tena, na hupiga msasa mwisho kabisa; mwandishi wa maoni ya kurasa mbili hufanya vivyo hivyo kwa ripoti ya kurasa 200, huku akijua kwamba kila alichokiondoa kilimgharimu mtu siku nzima ya kupanda na kushuka vilima.

Lazima pia aijue kalenda. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufikishwa bungeni kufikia Februari 15, na makadirio ya matumizi kufikia Aprili 30. Kwenye kaunti, karatasi ya mkakati wa fedha hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Februari 28. Utafiti mzuri kuhusu zahanati za Nyamira ukikamilika mwezi wa sita umekuta mlango umefungwa, na utangoja mwaka mzima. Wasomi wetu wengi hawajajifunza hili, na naliona ni hasara kubwa kuliko uhaba wa fedha za utafiti wanaoulalamikia kila siku. Ndani ya Bunge lenyewe wapo wanaowapokea: Ofisi ya Bajeti ya Bunge ipo tangu 2007, ina wachumi wanaosoma makadirio mstari kwa mstari kwa niaba ya wabunge, na watu hao hufurahia karatasi iliyokuja mapema, iliyo fupi na iliyo wazi kuhusu ilikotoa namba zake.

Kisha kuna chumba cha kamati. Mwenyekiti anampa mtafiti dakika kumi, na tano kati ya hizo zinaliwa na salamu. Mbunge mmoja ana haraka ya kwenda kikao kingine. Mwingine anauliza, "Hayo ni ya nchi nzima. Kaunti yangu je?" Nimejifunza kumpima mtafiti kwa jibu la swali hili. Kishawishi ni kikubwa mno: mheshimiwa ameonyesha hamu, kamera zipo, na ukitaja namba yoyote itaandikwa. Mtafiti mwaminifu husema: "Mheshimiwa, sampuli yetu haikufika katika kaunti yako. Naweza kukueleza kuhusu nyanda za juu za magharibi kwa jumla. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya." Chumba hupoa kidogo. Lakini mara nyingine atakapokuja na kusema "hili nina hakika nalo", wataliamini. Kumbukumbu rasmi za Bunge, Hansard, zitabaki na maneno yote mawili, lile la hakika na lile la mpaka wa hakika.

Kisii ina mfano mwingine, nao unahusu vyandarua. Malaria ya nyanda hizi ilikuwa na tabia yake: haikuwapo mwaka mzima kama kando ya ziwa, ilikuja kwa vishindo baada ya mvua ndefu, ikawakuta watu ambao miili yao haikuizoea. Katika miaka ya 2000 kulikuwa na ubishi mkali duniani: chandarua kilichotiwa dawa kiuzwe, kwa hoja kwamba mtu hathamini cha bure, au kitolewe bila malipo? Watu wenye akili timamu walisimama pande zote mbili. Abdisalan Noor na wenzake, wakifanya kazi chini ya ushirikiano wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, mfuko wa Wellcome Trust na Chuo Kikuu cha Oxford, waliamua kuhesabu. Walifuata watoto wadogo katika jamii 72 za vijijini kwenye wilaya nne: Kwale, Makueni, Bondo na Kisii.

Walichokuwa wakiuliza ni kidogo sana: usiku wa kuamkia leo, mtoto huyu alilala ndani ya chandarua? Hawakuuliza kama nyumba ina chandarua, kwa kuwa chandarua kinaweza kuwa kimekunjwa sandukuni kikingoja wageni, au kimemfunika baba. Waliuliza kuhusu mtoto huyu, usiku ule. Mwaka 2004, vilipokuwa vikiuzwa madukani, watoto waliolala ndani ya chandarua chenye dawa walikuwa kama asilimia 7. Mwishoni mwa 2005, baada ya kliniki kuanza kuviuza kwa bei ndogo, walifika kama 24. Mwaka 2006 vikagawiwa bure kwa wingi, na mwisho wa mwaka huo walikuwa asilimia 67. Jambo lililonigusa zaidi liko ndani ya namba hizo: vilipokuwa vya kuuzwa, mtoto wa mwenye uwezo alikuwa mbali mbele ya mtoto wa maskini, vilipotolewa bure, wawili hao walikaribia kuwa sawa kabisa. Na watafiti wenzao walipofuatilia vifo, walikuta kulala ndani ya chandarua kunaenda pamoja na upungufu wa asilimia 44 wa vifo vya watoto. Agosti 2007, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya likihimiza vyandarua vitolewe bure au kwa ruzuku kubwa, na kazi ya Kenya ilikuwa mbele kabisa katika kuueleza uamuzi huo.

Mara ngapi jibu lililotolewa na mama wa Kisii, asubuhi, mbele ya jiko lake, limebadilisha mwongozo wa dunia nzima?

Ufundi huu haukuanza jana. Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianzishwa 1965, na wasomi wake walikuwa miongoni mwa waliochangia ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 kuhusu ajira nchini Kenya. Ripoti hiyo iliwatazama mafundi wa bati, wachuuzi na washonaji wa viatu waliokuwa wakibomolewa vibanda vyao kila kukicha, ikasema hawa ni wazalishaji, wana ujuzi, wanajiajiri, na serikali iache kuwasumbua. Serikali ilijibu kwa waraka wa Bunge wa 1973. Waraka mwingine, uliowataja mafundi hao kwa jina lao la jua kali, ulikuja 1992. Sheria ya biashara ndogo sana na ndogo ilipitishwa 2012. Ni miaka 40 kutoka ripoti hadi sheria. Aliyeandika ukurasa wa kwanza alipaswa kuandika akijua huenda asiuone wa mwisho.

Kutoka Tanzania nachukua mfano wa Issa Shivji, aliyekuwa profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Rais Ali Hassan Mwinyi alipounda tume ya kuchunguza mambo ya ardhi mwaka 1991, Shivji ndiye aliyepewa uenyekiti. Tume ilizunguka Tanzania Bara ikifanya mikutano ya hadhara, ikasikiliza malalamiko ya vijijini na mijini, ikakabidhi ripoti yake mwaka 1992. Pendekezo lake kuu lilikuwa kuiondoa mamlaka ya mwisho juu ya ardhi kutoka mikononi mwa serikali kuu na kuzipa mikutano mikuu ya vijiji nguvu halisi juu ya ardhi ya vijiji. Serikali ililikataa. Sera ya 1995, na sheria mbili za 1999, ile ya Ardhi na ile ya Ardhi ya Vijiji, ziliiacha ardhi yote chini ya Rais kama mdhamini. Hata hivyo ripoti ile haikuzikwa. Mabishano ya ardhi nchini humo yamerudi kwake mara kwa mara, kwa sababu ndani yake mna sauti za wanavijiji zilizoandikwa kwa uangalifu na hoja iliyojengwa ikajengeka. Kazi iliyofanywa vizuri hudumu hata ikishindwa kura, na mimi nampima msomi kwa hilo kuliko kwa idadi ya mapendekezo yaliyokubaliwa.

Narudi Magwagwa, kwa kuwa hapa kuna jambo linalongoja mikono hii. Mto Sondu unapita chini ya vilima hivi ukitoka upande wa Msitu wa Mau na kushuka hadi Ziwa Victoria, na ng'ambo yake ni Kericho. Bwawa la Magwagwa limekuwa kwenye michoro tangu kabla ya vijana wa leo kuzaliwa. Wataalamu wa JICA, shirika la misaada la Japani, walilifanyia upembuzi yakinifu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Mamlaka ya Ustawi wa Bonde la Ziwa imelibeba katika mipango yake. Hoja ya kitaalamu inaeleweka. Mtambo wa Sondu-Miriu ulio chini zaidi, wenye megawati 60, hauna bwawa kubwa la kuhifadhia maji. Hutegemea mto ulivyo siku hiyo, hivyo kiangazi kikija umeme unapungua. Bwawa juu yake lingehifadhi maji ya masika na kuyaachilia kwa kiasi. Wabunge wa eneo hili wamekuwa wakiulizia mradi huo, na wananchi wamekuwa wakiusikia katika kampeni baada ya kampeni.

Hoja ya mto ina fundi wake, ambaye hana digrii mara nyingi. Kando ya mito yetu husimikwa vibao virefu vyenye alama za mita na sentimita, na mtu wa karibu hupewa kazi ya kushuka asubuhi na jioni, kusoma maji yamefika wapi, kuandika. Siku ya mafuriko anaandika. Siku ya Krismasi anaandika. Mwanafunzi wa uhandisi anapochora mkondo wa Sondu kwa miaka 30 na kusema mwezi wa pili maji hushuka hadi kiasi fulani, amesimama juu ya viatu vyenye matope vya mtu huyo. Daftari likiwa na mapengo, bwawa litajengwa kwa kubahatisha.

Hoja ya watu ndiyo inayonitia wasiwasi. Katiba, Ibara ya 40, inasema anayechukuliwa ardhi kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki, kamili na kwa wakati. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaeleza utaratibu, na marekebisho ya 2019 yaliingiza faharasa ya thamani ya ardhi ili bei zisipande kiholela mradi unapotangazwa. Hayo yote yanadai jambo moja: mtu awe amehesabu kilichopo mapema, kabla ya vigingi vya wapima ardhi. Vigingi vikishasimama, hesabu imeharibika. Mmoja anapanda miti mia mbili usiku ili alipwe, mwingine anaacha kupanda chai kwa kuwa anasikia atahamishwa, na wa tatu anauza haraka kwa mgeni anayejua asichokijua yeye.

Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake mwaka 2013, nacho kiko karibu. Kina wanafunzi waliokulia vilima hivi, wanaouliza kwa Ekegusii bila kigugumizi, wanaojua mzee huamkiwa vipi na kwamba magokoro, yaani nyanya, hajibu swali la fedha mbele ya wakwe. Hawa ndio wa kufanya hesabu hiyo sasa, wakati hakuna wa kuwalipa kwa kuipotosha. Waandike kila kipande cha shamba, kwa mmiliki na kwa anayelima, maana mara nyingi ni watu wawili, na wa pili mara nyingi ni mwanamke asiye na jina kwenye hati. Wahesabu mashina ya chai na migomba kwa umri. Waandike makaburi, kwa kuwa Mgusii huzika nyumbani na kaburi la baba halina bei katika faharasa yoyote. Bunge linapaswa kulijua hilo kabla ya kujadili kifungu cha fidia. Waulize watu huchota maji wapi mwezi wa pili, mto ukiwa chini, na ni nani ndani ya nyumba huyachota. Wavuke mto waulize maswali yaleyale upande wa Kericho, kwa Kikipsigis, kwa hojaji ileile, ili pasiwe na takwimu za huku na takwimu za kule.

Wakimaliza, nakala moja iende kwa kamati husika ya Bunge la Kitaifa na nyingine kwa bunge la kaunti kule Nyamira, kabla ya Februari. Nakala ya tatu isomwe barazani kwa chifu, kwa Ekegusii, nyumba kwa nyumba, ili mwenye kuhesabiwa ajisikie ametajwa na apate kusema: chemchemi yetu hamkuiandika, na huyu mliyemwita mpangaji ni ndugu yangu. Masahihisho hayo yatiwe tarehe, yatiwe saini, na yatumwe Nairobi pamoja na ripoti.